Maji ya Kichwani na Urefu wa Njia

Maji yana tabia moja popote yalipo: yakipewa njia hupita, yakinyimwa njia huharibu. Wamatengo wa milima ya Mbinga waliijua tabia hiyo tangu zamani. Katika miteremko mikali walichimba mashimo ya ngoro, ili maji ya mvua yatue humo, yazame polepole, yasichukue udongo wala mazao. Kichwa cha mwanadamu nacho kina maji yake. Ubongo wa mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita kila siku, na kiasi hicho hicho hurudi katika damu. Njia ikizibika kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya kichwa chake haijaungana, maji hujaa, kichwa hukua kupita kadiri, na ubongo hugandamizwa. Wapo wanaoyahesabu maradhi haya ya kichwa kikubwa kuwa ni uchawi au kosa la mama. Sivyo. Katika Afrika Mashariki mara nyingi chanzo chake ni ambukizo lililompata mtoto siku zake za kwanza, au mgongo wazi aliozaliwa nao.

Tiba zake kubwa ni mbili. Ya kwanza, iliyoenea tangu miaka ya 1950, ni mrija mwembamba wenye vali. Siku hizi hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni. Katika ya pili, daktari huingiza kichwani chombo chembamba chenye taa na kamera, akatoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha akaunguza nyama laini zinazoyatoa. Kuziunganisha kazi hizi mbili kwa watoto wachanga kulikuzwa na Benjamin Warf, daktari Mmarekani, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2001.

Ipi bora? Sifa hazitoshi kujibu swali hili. Hujibiwa kwa mizani. Huko Mbale watoto wachanga 100 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa mrija, wengine tundu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi kumi na miwili akili za makundi hayo mawili hazikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na asilimia 24 ya waliopewa mrija, tofauti ambayo kwa idadi ndogo kama hiyo yaweza kuwa bahati tu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Warf alikuwa amelinganisha mrija wa bei nafuu kutoka India na mrija wa ghali wa Magharibi kwa watoto 195. Baada ya mwaka mmoja haukuonekana uliomshinda mwenzake. Ughali si dalili ya ubora.

Mizani ikisimama sawa hivi, huhitaji jiwe jingine, na jiwe hilo ni njia ya kurudi nyumbani. Tundu likishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, katika miezi sita ya kwanza, mama angali akihudhuria hospitali. Mrija waweza kuziba wakati wowote wa maisha. Hata katika nchi tajiri, jaribio la watoto 344 lililochapishwa mwaka 1998 lilionyesha kuwa karibu mirija minne katika kila kumi ilishindwa kabla ya mwaka kwisha. Mtoto wa London hufikishwa kwa mpasuaji kwa saa chache. Mtoto wa Lituhi au Liuli hutapika usiku, husinzia, macho yakaelekea chini. Na kutoka Songea peke yake hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa mia tisa. Lami imefika Mbamba Bay, walakini lami haiondoi umbali. Chombo kile kile ambacho mjini ni salama, ufukoni mwa Nyasa ni deni ambalo siku ya kulipwa haijulikani.

Pamoja na hayo, mrija si adui. Tundu halimfai kila mtoto, na hutaka vyombo na mikono iliyofunzwa. Anayestahili mrija apewe, na mama yake afundishwe dalili za kuziba kabla ya kupanda basi, si baada ya kufika kwao.

Tiba zote mbili zina upungufu mmoja: haziwezi kuurudisha ubongo uliokwisha kuharibika. Kwa hiyo kazi ya daktari wa Mbale au Muhimbili huanzia mbali naye, katika zahanati ya kando ya ziwa, muuguzi anapozungusha utepe kichwani mwa mtoto, akaandika kipimo, akakilinganisha na cha mwezi uliopita. Utepe huo ni wa senti chache. Usipotumiwa, mpasuaji hodari hupokea mtoto aliyechelewa.