Sehemu ya 5: Kabla hujatafuta mfadhili, hesabu ndoo



Tangu niweke sehemu ya 4, ile ya maandalizi ya kujifungua, kuna swali moja limerudi kuliko yote: "Nesi, zahanati yetu haina maji, tunampata wapi mfadhili?" Kwa wengine si maji, ni choo cha wajawazito, ni mabenchi ya kliniki, ni taa ya sola kwenye chumba cha kujifungulia. Swali ni lile lile. Leo nalijibu kwa urefu, kwa hiyo mtoto akishalala ndo ukae usome.

Jibu langu ni hili: mfadhili asiwe mlango wa kwanza kuugonga, awe wa mwisho. Ipo hela karibu na nyie, kijijini, zahanati yenyewe na halmashauri. Lakini hela hiyo haiji kwa sababu mna shida. Kila kijiji kina shida. Inakuja pale mnapokuwa mmekubaliana mnataka nini, na mna namba mkononi.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Zahanati moja niliyofanya kazi, bomba lilikuwa limekauka siku nyingi. Mama akija kujifungua anakuja na kanga zake, beseni lake, na ndoo ya lita 20 kichwani kwa mama mkwe au mdogo wake. Ndoo ikiisha, mtu anarudi kisimani. Mchana siyo mbaya sana. Shida ni saa nane za usiku. Nimeshazalisha mama huku bibi wa mtoto yuko njiani na tochi, na mimi nimebaki na maji ya kunawa mikono tu, nafikiria huyu mama akitoka damu nyingi nitasafisha na nini.

Mjue kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu mazingira ya vituo vya afya unataja lita 100 za maji kwa kila mama anayehudumiwa kwenye chumba cha kujifungulia. Hizo ni ndoo 5. Unaweza kushangaa, lakini hesabu mwenyewe: kunawa mikono kabla na baada ya kila kumpima, kumsafisha mama, kuosha kitanda, sakafu, vifaa, mashuka. Ndoo moja haitoshi hata kidogo. Na uchafu ukibaki, ndo tunaanza kusikia mama ana homa siku ya nne, kitovu cha mtoto kinatoa usaha.

Sasa, kina mama wa pale walikuwa wanalalamika kila siku ya kliniki. Viongozi wakija wanaambiwa, "Hatuna maji." Wanaitikia, "Tumesikia," wanaondoka. Mpaka dada mmoja, mshonaji, mama wa watoto watatu, alipokuja na daftari la kawaida la shule. Akachora mistari: tarehe, ndoo ngapi, nani kaleta, katoa wapi, saa ngapi. Akaniomba liwe linakaa pale mlangoni, kila anayeleta ndoo aandike. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mwenzake. Basi.

Mwezi ulipoisha wakajumlisha. Kina mama 11 walijifungua, ndoo 38 ziliingia. Ndoo 38 ni lita 760. Ukigawa kwa 11, kila mama alipata lita 69 hivi, wakati alitakiwa apate 100. Na ndoo 9 kati ya hizo ziliingia usiku. Yaani mara tisa kuna mwanamke au binti alitembea gizani kwenda kisimani kwa ajili ya mtu aliyekuwa na uchungu.

Jamani, ile karatasi moja ilifanya kazi ambayo malalamiko ya miaka hayakuifanya. Nitawaonyesha ilivyopita mlango kwa mlango.

Mlango wa kwanza ni kamati ya zahanati yenu. Wengi hamjui kama ipo. Kila zahanati ya serikali inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake kuna wananchi wa kawaida, siyo wahudumu peke yetu. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna utaratibu wa fedha kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kila kitu kusubiri wilayani. Kuna fedha za mfuko wa pamoja wa afya, kuna za bima ya afya, kuna zile wagonjwa wanazolipa papo kwa papo. Siyo nyingi, na zina kazi zake, dawa kwanza. Lakini zinapangwa kwenye mpango wa kituo, na kamati inahusika kwenye huo mpango. Kwa hiyo ukimjua mjumbe wa kamati, umeshajua pa kuanzia. Pale kwetu kamati ililiona lile daftari ikakubali kuweka magata kwenye paa. Tanki hapana, hela haikutosha. Magata tu.

Kwa nini magata? Kwa sababu ya hesabu hii, iandike mahali: milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa, inatoa lita 1 ya maji. Paa la mita 12 kwa 10 ni mita za mraba 120. Mvua ya milimita 20 inakupa lita 2,400. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kupotea, unabaki na lita 1,900 na kitu. Mvua tatu za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000. Maji yalikuwa yanamwagika chini miaka yote hiyo, mbele ya macho yetu.

Mlango wa pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, na mtu mzima yeyote mkazi wa pale ana haki ya kusema. Ninajua mama zangu, siku ya mkutano uko jikoni au una mtoto mgongoni. Nenda naye. Yule dada alisimama na karatasi yake akasoma namba, hakulia wala hakugombana na mtu. Wanaume wakanyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Hizi ndoo tisa za usiku, ni akina nani waliokwenda?" Akajibiwa ni mabinti na wake zenu. Siku ile ile kijiji kikakubali mawe, mchanga na nguvu kazi ya kujenga msingi wa tanki. Kikundi cha wanawake, hawa hawa wa kuweka na kukopa, kikatoa saruji. Na lililo muhimu zaidi, vyote hivyo vikaandikwa kwenye muhtasari, ukapigwa muhuri. Huo muhtasari ni mali. Hakuna mtu mwenye fedha atakayewasikiliza bila huo.

Mlango wa tatu ni halmashauri, na hapa niwatenganishie mambo mawili, maana watu wanachanganya sana.

Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliingia kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ule ni mkopo usio na riba. Ni MKOPO. Unakwenda kwa kikundi kwa ajili ya biashara au uzalishaji, na unarudishwa. Ukitaka kushona, kufuga au kusindika unga, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Lakini usiuchukue kununulia tanki la zahanati, kwa sababu tanki halitakuletea hela ya kurejesha, na deni litabaki kwa kina mama.

Halafu kuna mfuko wa jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009. Huu haurudishwi. Ni kwa ajili ya miradi ya jamii, hasa ile ambayo wananchi wameshaianza wakakwama. Kamati yake inaongozwa na mbunge, na maombi yanapanda kutoka kijijini kupitia kata. Hapa ndipo msingi wa tanki, magata na muhtasari vilipozungumza vyenyewe. Ombi la kwanza lilipelekwa mwezi wa nne, likajibiwa kwamba hela za mwaka ule zimeshagawanywa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mipango hupikwa miezi mingi kabla. Hawakukata tamaa. Wakalirudisha mapema mwaka uliofuata, wamelibandika na picha za msingi uliokwisha kujengwa. Tanki likaja. Lita 5,000, jeusi, kila mtu akaja kuligonga kwa kidole.

Mlango wa nne ndo wafadhili wa nje. Wapo. Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada midogo kwa miradi ya jamii, umejenga madarasa, mabweni na majengo ya afya sehemu nyingi za nchi yetu. Foundation for Civil Society inatoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Lakini elewa masharti yao. Hawampi mtu binafsi. Wengi wanataka asasi iliyosajiliwa, na usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali unafanywa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kupitia Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Kama hamna asasi, msikimbilie kuunda moja kwa ajili ya tanki tu. Japani kwa mfano wanapokea maombi kutoka halmashauri pia, kwa hiyo muulizeni mkurugenzi kama halmashauri inaweza kuomba kwa niaba yenu. Na kwa kawaida misaada ya namna hii inajenga na kununua vifaa. Hailipi mishahara, wala haitengenezi bomba likiharibika miaka miwili baadaye. Hilo ni lenu.

Nisiwadanganye, pale kwetu barua moja ilikwenda ubalozini kuomba chumba cha wajawazito kusubiria. Haikujibiwa mpaka naondoka. Ndo maana nasema usiweke matumaini yote kwenye mlango huo.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Weka shida kwa namba, siyo kwa machozi. Weka mnachoomba na bei yake, pamoja na profoma kutoka maduka matatu. Weka mlichokwisha kuchangia, hata kama ni mchanga. Weka jina la kamati itakayotunza. Muhtasari wenye muhuri nyuma yake. Bakini na nakala ambayo mpokeaji ameisaini na kuandika tarehe, maana barua zinapotea.

Hela ikipatikana, isikae kwenye simu ya mtu. Hata awe mcha Mungu kiasi gani. Iingie kwenye akaunti ya kituo, ya kijiji au ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Risiti zote kwenye bahasha, na matumizi yabandikwe ubaoni pale watu wanaposubiri kliniki. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa maneno ya "zimeliwa" wakati hazijaliwa, ila hakuna aliyeona karatasi.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Akija mtu, amevaa vizuri, ana fomu zenye nembo, anasema kuna mzungu anataka kuwasaidia ila mtoe kwanza hela ya fomu, ya usajili, au kianzio, mwambieni asante kwa heri. Msaada wa kweli hauuzwi fomu. Kina mama wawili ninaowajua walitoa hela ya mchezo wao kwa mtu wa hivyo, na namba yake ya simu haikupatikana tena kuanzia jioni ile.

Tanki likishafika, tafadhali: mvua ya kwanza ya msimu muiache ipite, inaosha kinyesi cha ndege na vumbi la paa. Mfuniko uwe umefungwa na chujio liwepo, la sivyo mtafuga mbu wa malaria na dengi mlangoni kwa wajawazito. Lisafishwe ndani angalau mara moja kwa mwaka. Maji ya kunywa yachemshwe au yawekwe dawa. Na pangeni nani ana ufunguo wa koki usiku, maana tanki lenye kufuli na mwenye ufunguo amelala kijiji cha pili ni sawa na hamna tanki.

Sasa wewe unayesoma, kliniki yako ijayo ni lini? Siku hiyo nenda na daftari. Usihesabu kila kitu. Chagua shida moja tu: ndoo, au wajawazito waliosimama kwa kukosa benchi, au kina mama waliojifungua kwa tochi ya simu. Hesabu mwezi mmoja, wewe na wenzako wawili. Muombe nesi wa pale ruhusa, mueleze kwamba hamumchongei, mnamsaidia. Wengi wetu tutafurahi, kwa sababu na sisi tumechoka kuomba maji kwa mama mwenye uchungu.

Majina ya wagonjwa msiandike. Namba tu.

Sehemu ya 6 nitaandika kuhusu kitovu cha mtoto, nini cha kuweka na nini cha kuacha, maana nimeona mnaulizana sana. Kama kijijini kwenu kuna mradi uliofanikiwa, niandikie mlianzia wapi, nitauweka hapa wenzenu wajifunze. Usiku mwema, na busu kwa watoto.