Kisima cha Shela na Swali la Mtafiti

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kauli hii yafaa kutangulizwa kila utafiti wa mabadiliko ya tabianchi visiwani unapojadiliwa, kwani aghalabu maswali hutungwa bara ilhali majibu yako visiwani.

Mfano mwafaka ni funguvisiwa la Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, hupata maji yake kutoka visima vilivyo penye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inyeshapo, mchanga huyachuja maji, nayo yakaelea ardhini juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi. Bahari ikipanda, mvua ikiadimika au watu wakiteka kupita kiasi, chumvi hujongea. Mama aonjaye maji na kukunja uso huipata habari hiyo bila kipimo chochote. Kwa hivyo, swali la kwanza la utafiti ni hili: kisima hicho kitawanywesha watu wangapi, na kwa muda gani?

Swali la pili lahusu mikoko na matumbawe. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hupunguza nguvu za mawimbi, hulea samaki wachanga na huhifadhi kaboni topeni. Je, bahari ikipanda, itapata nafasi ya kusogea nchi kavu? Matumbawe nayo yalipauka na kufa kwa wingi magharibi mwa Bahari ya Hindi kutokana na joto la mwaka 1998. Isitoshe, ripoti ya IPCC ya mwaka 2018 ilionya kuwa ongezeko la joto la nyuzi 1.5 litapunguza matumbawe ya dunia kwa asilimia 70 hadi 90. Mvuvi mwenye mtumbwi mdogo atavua wapi?

Swali la tatu ni la lugha, nalo husahaulika. Bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, matlai: kila neno ni kumbukumbu ya bahari iliyopimwa kwa macho ya vizazi. Mkata boriti hutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na msindi pasi na kufungua kitabu. Vijana wakiiacha bahari, maarifa haya yatazikwa pamoja na wazee. Aidha, matokeo ya utafiti yakiandikwa kwa Kiingereza pekee, aliyehojiwa hatayasoma. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi: kuyakusanya maneno hayo kabla hayajapotea, na kuwarudishia wenyeji matokeo kwa lugha yao.

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaomboleza magofu ya Pate, kisiwa jirani cha Lamu. Mshairi aweza kuja baada ya kuta kuanguka. Mtafiti hana budi kutangulia.