Chupa ya tano



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, leo naomba niwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu, hapa Buyenzi, Bujumbura. Si jambo la kujisifia.

Mwanangu yuko sekondari. Msimu wa mvua alijiuliza kama mbegu za mlonge zinaweza kusafisha maji ya mto Ntahangwa, ambayo mvua ikinyesha hujaa tope. Wengi wetu twaujua mlonge kwa majani yake. Kumbe mbegu zake zina protini inayovuta chembe za udongo, zikashikana, zikawa nzito na kuzama. Akachota maji, akajaza chupa tano za lita moja. Ya kwanza hakuitia kitu. Zilizobaki akazitia mbegu zilizomenywa na kutwangwa: 1, 2, 4 na 8. Akakoroga, akaacha saa mbili. Kisha akamimina maji ya juu polepole kwenye gilasi ndefu iliyokaa juu ya karatasi yenye nukta nyeusi, akapima kwa rula ni kina gani nukta inapotea machoni. Maji yakiwa safi zaidi, nukta huonekana hata kina kikiwa kirefu. Kipimo cha bure kabisa.

Mwalimu wake alimshauri aandike makala na kuyapeleka Journal of Emerging Investigators, jarida la kwenye intaneti lililoanzishwa mwaka 2011 na wanafunzi wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Linachapisha utafiti wa wanafunzi wa shule. Kazi lazima iwe na dhana inayopimwa, na lazima awepo mtu mzima wa kuisimamia. Mwalimu akakubali. Mimi nina kompyuta dukani, nikajitolea kuchapa.

Hapo ndipo nilipoteleza. Kijana aliandika mwanzoni kwamba mbegu zikizidi, usafi utazidi. Chupa nne zilimtii. Ya tano, yenye mbegu 8, maji yake yalikuwa machafu kuliko ya mbegu 4! Nikaona aibu itatupata mbele ya wasomi. Nikafuta mstari ule kwenye jedwali, kimya kimya, nikaendelea kuchapa. Niliona ninamsaidia mwanangu.

Jioni akasoma. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Baba, si hii ndiyo ile nafaka?"

Nilielewa mara moja. Alikuwa ameisoma madrasa hadithi ya yule muuza nafaka sokoni ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo lake, akakuta juu pakavu na chini pamelowa. Wallahi, ndugu zangu, sikuwa na jibu. Niliurudisha mstari mbele yake, na vidole vikanitetemeka kidogo.

Tena baadaye tukafahamu sababu. Mbegu zikizidi mno, kila chembe ya udongo hufunikwa na ile protini, basi chembe zote huwa na chaji ya aina moja na kusukumana badala ya kushikana. Juu ya hayo, unga wenyewe huongeza uchafu. Kwa hiyo nilikuwa nimefuta sehemu yenye elimu kuliko zote! (Na kina mama wanaonisoma, tafadhali: maji yakiwa meupe hayajawa salama. Vijidudu bado vimo. Chemsheni.)

Kijana naye alikuwa na lake. Mwalimu alikuta sentensi tatu alizozinakili kutoka intaneti bila kutaja mwenyewe. Alidhani si kosa, kwa kuwa habari ni ya kweli. Nikamuuliza kama anaweza kusoma hadithi msikitini bila kusema nani kaipokea kwa nani. Alicheka, akaenda kuandika upya kwa maneno yake na kutaja alikoyatoa. Sisi watu wa isnadi tusifundishwe jambo hili na wengine.

Makala yalikwenda. Majibu yalipokuja, hawakuyakubali kama yalivyo. Waliuliza: jaribio lilirudiwa mara ngapi? Mara moja tu. Basi hata chupa ya tano haithibitishi kitu, huenda alikosea kupima. Kijana alisononeka siku mbili, hata chakula akawa anakigusagusa. Nilijizuia kumwambia kwamba mimi ningepita njia ya mkato. Ile njia nilikuwa nimekwisha kuipita.

Sasa anarudia chupa zote, mara tatu kila moja. Jumla kumi na tano, zimepangwa barazani, na mama yake analalamika hana pa kuanikia nguo. Jana nilipotoka sala ya alasiri alinipa rula nimsomee kina, yeye akaandika. Hakuniambia nasoma chupa ipi.

Mtuombee dua.