Pizza ya chapati, chumba kimoja Tandika

Wiki mbili hizi nilikuwa nakimbizana na vikao vya madiwani mpaka kalamu ikachoka. Leo siasa naziweka pembeni, naongelea msosi. Tena pizza. Najua yupo atakayesema mwandishi wa habari aliyepanga Tandika na pizza wapi na wapi. Huyo huyo ndiye ninayemwandikia.

Nianze na uongo wangu.

Tuko saba, tulimaliza pamoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na tangu tumalize tuna utaratibu wa kukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwanzoni tulikutana popote penye viti vya plastiki, mishkaki na soda, basi. Kisha wenzangu wakaanza kupata kazi za maana. Mmoja yuko benki, mwingine kampuni ya simu, wawili serikalini. Na sehemu za kukutania nazo zikaanza kupanda cheo. Tukahama Mwananyamala tukaenda Mikocheni, tukahama Mikocheni tukaenda Masaki, mwisho ikawa kila mwezi pizza, maana jamaa wa benki anaipenda kama nini. Huko tunakokwenda pizza moja ya kueleweka haishuki chini ya shilingi 20,000, bado kinywaji, bado bodaboda ya kukurudisha Temeke usiku.

Mimi nalipwa kwa stori. Kwa wasiojua mambo ya magazeti, mwandishi asiye na ajira ya kudumu hulipwa kwa kila habari iliyotoka, na hela yenyewe inakuja siku ikijisikia kuja. Gazeti silitaji, nyie wenyewe mnajua hali ilivyo. Basi nikaanza visingizio. Mwezi wa kwanza niliumwa. Wa pili nilikuwa na kazi maalumu. Wa tatu nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba nimetumwa Kibaha, kuna mgogoro wa ardhi.

Saa moja jioni ile ile nilikuwa nimesimama kwa mama wa chapati hapa mtaani, bukta na kandambili, sahani mkononi. Nani anashuka kwenye daladala? Dada mmoja wa kundi letu, ametoka msibani Mtoni. Tukatazamana. Akanisalimia, nikaitikia. Hakuuliza kitu. Akapanda bajaji akaenda zake kwenye pizza, na usiku nilipofungua grupu nikakuta hajasema neno. Wengine wananitakia kazi njema Kibaha.

Jamani, aibu ya kukosa hela nimeizoea, hiyo tunaishi nayo kama mpangaji mwenzangu. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nawapoteza watu sita kwa sababu ya unga na nyanya. Jumatatu nikaandika kwenye grupu: mwezi huu ni kwangu, pizza ipo. Wakacheka. Yule dada hakucheka, aliandika tu "nakuja".

Sasa kusema ni rahisi. Sina oveni, hamira sijawahi kuishika, na chumba ni kimoja. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya Zanzibar. Nilipelekwa kule mara moja kikazi, na jioni, kama kila mgeni, nikaenda Forodhani, ile bustani iliyokarabatiwa na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009. Nilisimama mbele ya mpishi wa pizza ya Zanzibar nusu saa nzima. Anachukua donge la unga, analivuta kwa vidole mpaka linakuwa jembamba kama kitambaa, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili, mayonizi na kipande cha chizi (siyo chizi wa mtaani, yule wa maziwa), anapasulia yai juu, anakunja kama bahasha na kukaanga kwenye chuma bapa. Pizza kwa jina tu. Ukiitazama vizuri ina undugu zaidi na mutabbaq ya Waarabu kuliko kitu chochote cha Italia. Wenzetu wa Kampala nao wanachukua chapati, wanaweka mayai ya kukaanga na kabichi, wanaviringisha, wanaiita rolex.

Nilichoondoka nacho pale Forodhani ni yai. Chizi ni ghali, yai si ghali, na yai linashika. Ukilipiga na chumvi kidogo ukalipaka juu ya chapati kabla ya kitu kingine chochote, linaganda na kuwa kama gundi, na linazuia maji ya nyanya yasizame kwenye unga. Kumbukeni hapo, maana mimi mwenyewe nililisahau siku yenyewe.

Kingine kilichonipa moyo ni kusoma habari za Napoli. Tunaambiwa mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimpikia malkia Margherita pizza ya nyanya, mozzarella na majani ya mrehani, ikapewa jina lake. Wanahistoria wengine wanaitilia shaka hadithi hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba kabla ya hapo pizza ilikuwa chakula cha mtaani cha watu wasio na hela wa Napoli, inauzwa vipande, watu wanakula wamesimama. Leo ufundi wa wapishi wale umeingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO, tangu 2017. Nikajiambia kama kilianza kwa watu wa aina yangu, basi na mimi ninaruhusiwa.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nilikwenda soko la Tandika kununua nyanya, vitunguu, hoho na dagaa. Mozzarella nilikuwa nimeifuata supamaketi siku moja kabla, ya Njombe, kule ambako kiwanda cha maziwa kilikuzwa kwa msaada wa Waitaliano wa CEFA. Kipande kidogo, kikanila shilingi 12,000, nikakibeba kwenye daladala kama mtoto mchanga. Mrehani niliomba kwa jirani, uko umejiotea tu karibu na bomba, watu wanauweka kwenye maua ya harusi na hakuna anayefikiria kuula. Una harufu kali kuliko ule wa Kiitaliano, kwa hiyo majani mawili yanatosha.

Chapati nilimwagiza mama wa chapati, za kusukuma, 16. Siyo za maji. Chapati ya kusukuma ina matabaka, na mafuta yameshaingia kati ya matabaka, ukiirudisha kwenye moto inakauka na kuvunjika vizuri mdomoni. Nikakosea kitu kimoja. Nilimwambia alete za moto, wageni wakishafika.

Wageni wakafika. Wanne walikaa kitandani, mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa, jamaa wa benki nikampa kiti. Nje watoto wa nyumba nzima wamejaa mlangoni kuangalia gari lake.

Pizza ya kwanza niliiweka kwenye kikaango juu ya jiko dogo la gesi, nikamwaga rojo la nyanya, nikatupia chizi, nikafunika. Baada ya dakika nne chini imeungua, juu chizi iko vile vile kama ilivyotoka dukani, katikati ni uji. Tukaigawana kimya kimya. Ya pili ikiwa jikoni, gesi ikaisha. Kweli kabisa, ule moto wa bluu ukacheza mara mbili ukazimika. Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba Masaki siyo mbali kama tutaondoka sasa hivi.

Hapo mlangoni akapiga hodi mama wa chapati, ameleta zile sita za mwisho. Wasomi wote sita wakasimama, "Shikamoo mama." Akaitikia, akachungulia kikaango changu, akanitazama mimi.

"Baba, unapika mkate au unapika mchuzi?"

"Pizza, mama."

"Nyanya zako zina maji. Zikaange mpaka mafuta yajitenge. Na chapati ya moto inatoa jasho, iache ipoe. Na hicho kitu chako cheupe kitaiva vipi wakati moto uko chini tu? Hujawahi kuona mkate wa kumimina unavyopaliwa?"

Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote! Nyumba ngapi za Pwani zimepika mkate wa kumimina na keki bila oveni: sufuria juu ya makaa machache, mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko makaa mengi yaliyowaka. Moto chini na moto juu. Oveni za Napoli zinafanya hivyo hivyo, kuba linarudisha joto juu ya pizza, zaidi ya nyuzi 400, na inaiva kwa sekunde 60 mpaka 90. Sisi hatufiki huko, ila njia ni moja.

Mama akatuma mtoto alete jiko lake la mkaa. Jamaa wa benki alikunja mikono ya shati la kazini akaenda nje kupepea, na watoto wakamzunguka wakimfundisha namna ya kushika kipepeo. Mimi nikarudisha nyanya motoni na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili kidogo, nikakoroga mpaka rojo likawa zito la kupakwa kwa kisu. Tafadhali sana, ile tomato ya chupa iacheni kwenye chipsi mayai, ina sukari na itawaharibia.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka. Chapati iliyopoa, inakaushwa upande mmoja kwenye sufuria tupu kama dakika moja, inageuzwa. Yai, linaganda. Rojo, kijiko kimoja na nusu, usiwe na huruma ya kuongeza. Vya juu, kisha chizi kidogo. Mfuniko, makaa juu, dakika tatu hivi. Unafungua na kanga mkononi, chizi inachemka na pembeni imekuwa kahawia.

Ya mishkaki ilipendwa na wote (mishkaki yenyewe nilinunua pale kona, nikaichomoa kwenye vijiti na kuikatakata). Ya dagaa ndiyo ilileta ubishi. Nilizipasua kichwa, nikazikaanga kavu, nikazimwaga juu na hoho. Jamaa wa kampuni ya simu akasema hii sasa ni dharau kwa Waitaliano. Nikamjibu, na hapa nilijisikia vizuri maana nilikuwa nimesoma, kwamba dagaa wa bahari wanaovuliwa Zanzibar ni ukoo mmoja na vile visamaki vya chumvi ambavyo Waitaliano wanaweka kwenye pizza zao wenyewe na kuviita acciughe. Akauliza hizi zangu ni za Zanzibar? Ikabidi niseme ukweli, ni za Mwanza, ukoo mwingine kabisa. Alikula tatu.

Mama tulimpa ya mishkaki. Akaikunja katikati kama sambusa, akala, akasema chumvi ndogo.

Kwa wanaopenda hesabu: chapati 8,000, chizi 12,000, mishkaki 5,000, mayai sita 2,400, nyanya 2,000, vitunguu na hoho 1,500, dagaa 2,000, mkaa 2,000. Jumla 34,900, watu saba, haifiki 5,000 kwa kichwa, na hapo chapati mbili zilikwenda na maji. Ukiacha mozzarella ukaongeza mayai inashuka zaidi, na sidhani kama mtu mwenye njaa atalalamika. Mimi bado naipenda yenye chizi, nisiwadanganye.

Walikaa mpaka saa tano. Hatukuwa tumeongea vile tangu chuo, labda kwa sababu ukikaa kitandani kwa mtu huwezi kujifanya uko kikaoni. Jamaa wa benki akatueleza kwamba kuna mkopo unamkaba na lile gari linalotazamwa na watoto siyo lake bado. Miezi yote ile ya Masaki hakuwahi kulisema.

Wakati wa kuosha vyombo pale bombani tulibaki wawili, mimi na yule dada. Anasugua sufuria lililoganda yai, hanitazami.

"Kibaha wameshapatana?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Akacheka mpaka akaachia sufuria. Kisha akasema mwezi ujao ni kwake, Tegeta, ana oveni ila hajawahi kuiwasha, yeye atatafuta pweza, mimi nije na chapati za huyu mama. Nikamwambia zitakuwa zimepoa nikifika Tegeta. Akasema si ndivyo zinavyotakiwa.

Zile chapati sita za mwisho nilikuwa bado nadaiwa. Nimelipa Jumanne.