Mwuguzi wa Hargeisa na Binti Zetu



Liko swali tuulizwalo mara kwa mara na wazazi wa wanafunzi wetu hapa Mwamanyili, mkoa wa Simiyu: je, yafaa binti wa Kiislamu asomee uuguzi? Wako waulizao kwa kutaka kujua, na wako waulizao huku jibu lao wamekwisha litia mfukoni. Hao husema kuwa kazi hiyo ni ya kukesha usiku, kushika damu, na kuingia kwa watu wasio jamaa. Sisi hatupendi kushindana kwa maneno matupu. Twapenda kuwasimulia habari za Mwislamu mmoja, bibi Edna Adan Ismail, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Bibi huyu alizaliwa Hargeisa, Somaliland, mwaka 1937, nchi hiyo ikitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa tabibu. Zama zile hapakuwa na shule ya wasichana, lakini baba alileta mwalimu nyumbani kuwafunza wavulana, na binti naye akapata kusoma hapo. Baadaye alipelekwa Jibuti kuendelea na masomo. Siku za likizo alimsaidia baba yake hospitalini, akaona jinsi mzee yule alivyohangaika kwa uhaba wa vifaa. Hapo ndipo ilipomwingia azma ya kujenga, iko siku, hospitali ambayo baba yake angefurahi kuifanyia kazi.

Alipokuwa na umri wa miaka kama minane, baba akiwa safarini, wanawake wa nyumbani walimkeketa. Baba aliporudi alikasirika na kuhuzunika sana. Mtoto akafahamu kwamba lile alilotendewa halikuwa jambo jema. Mwaka 1976, akiwa mtu mzima, alisimama hadharani kulipinga, katika zama ambazo hapana aliyethubutu kulitaja. Sisi tunaokaa jirani na mkoa wa Mara, ambako mila hiyo haijakoma ingawa sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inakataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, twajua ushujaa huo una uzito gani.

Mwaka 1954 alipata msaada wa masomo akaenda Uingereza. Alisomea uuguzi na ukunga katika hospitali za London, akarejea kwao mwaka 1961 akiwa mwanamke wa kwanza wa Kisomali kuhitimu kazi hizo. Aliolewa na Mohamed Ibrahim Egal, aliyekuwa waziri mkuu wa Somalia toka mwaka 1967 hadi 1969. Lakini cheo cha mume hakikumtoa katika kazi ya wagonjwa. Baadaye alitumikia Shirika la Afya Duniani, akawa mwakilishi wake nchini Jibuti hadi mwaka 1997.

Basi wasomaji, hapa ndipo penye mazingatio. Mtu wa umri wa miaka sitini, mwenye malipo ya uzeeni, hapana ambaye angemlaumu kama angekaa kitako akapumzika. Yeye alirudi Hargeisa, mji uliobomolewa kwa mabomu mwaka 1988, akauza gari lake na mali yake, akachukua na malipo yake ya uzeeni, akajenga hospitali ya wazazi mahali palipokuwa jaa la takataka. Kwa kuwa wauguzi wengi walikuwa wamekufa au kukimbia vita, alianza kuwafunza wasichana hata kabla jengo halijakwisha. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2002, naye akaweka makazi yake humo humo, karibu na wagonjwa wake. Kati ya mwaka 2003 na 2006 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Somaliland. Mwaka 2023, akiwa na miaka 85, alitunukiwa Tuzo ya Templeton, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Wala kazi hii si ngeni katika dini yetu. Rufaida wa kabila la Aslam aliuguza majeruhi katika hema lake Madina, na baada ya vita vya Handaki, Mtume (s.a.w.) aliamuru Saad bin Muadh apelekwe kwake.

Sasa twarudi kwa wazazi wetu. Mke wa mtu ashikwapo na uchungu usiku, mvua ikinyesha na njia imejaa tope, jambo la kwanza mume analoomba ni kwamba amkute mwanamke wa kumzalisha mkewe. Ombi hilo ni la haki. Lakini mwanamke huyo atatoka wapi, ikiwa kila baba amemfungia binti yake? Tutakaje stara kwa wake zetu, na huku tunawazuia wale ambao wangeilinda? Twamjua msichana mmoja, hodari wa kuhifadhi Kurani, ambaye hivi sasa angoja idhini ya baba yake apeleke maombi ya chuo cha uuguzi. Siku za kupokea maombi si nyingi. Twamsihi mzee huyo, na kila aliye katika hali yake, asimnyime. Mlezi aliyemlea binti yake vyema asiiogope njia ya heri.

Mwenyezi Mungu awajaze heri wote wanaokesha na wagonjwa. Amin.