Ni spika, ni kompyuta, au ni nini?

Nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi, na si kwa ugonjwa. Nilikuwa nahangaika na kaboksi kadogo kalikokwama forodhani. Juzi kamefika hapa Ganda, kwa hivyo sasa nina moyo wa kusimulia.

Chanzo ni baba. Mzee alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na sasa macho yamemwisha. Redio anayo, lakini redio haijibu. Kinachomuuma zaidi ni kuuliza saa. "Kila mara nikuulize wewe, kama mtoto?" Basi nikaagiza spika janja nne, zile unazosema nazo zikakujibu: moja yake, tatu za kuuza kwa watu wenye wazee kama yeye ili pesa yangu irudi. Pamoja na bima na usafiri zilifika Sh60,000.

Mimi ni mtu wa programu. Ndani ya kile kidude kuna prosesa, kuna memori, kuna mfumo endeshi. Kwangu mimi hiyo ni kompyuta, na kompyuta katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki huingia kwa asilimia 0. Nikalala usingizi mzuri.

Ajenti akanipigia: "Kaka, hapa imeandikwa spika. Tunapiga asilimia 25, bidhaa iliyokamilika."

Nani aliyeandika spika? Ni mimi mwenyewe! Wakati wa kuagiza, kwenye maelezo ya bidhaa, niliandika "spika zisizo na waya" nikaendelea na shughuli zangu.

Tazama hesabu. Kwa asilimia 0 ningelipa VAT peke yake, asilimia 16 ya 60,000, yaani Sh9,600. Kwa asilimia 25, ushuru ni Sh15,000, halafu VAT inapigwa juu ya 75,000, yaani Sh12,000. Jumla Sh27,000. Tofauti ni Sh17,400. (Tozo ya tamko la uagizaji na ile ya reli zipo pande zote mbili, nimeziacha.) Faida ya zile tatu ikayeyuka.

Nikakaa usiku kusoma kanuni ili nikabishane. Namba hizi zinatoka mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Kompyuta ziko 8471. Nikafurahi... mpaka nikafika kwenye maelezo ya sura ya 84. Yanasema wazi kwamba spika na maikrofoni zikija peke yake haziingii 8471, hata kama zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Vifaa vya kupokea na kutuma sauti au data kwenye mtandao navyo havimo. Ndoto ya kompyuta ikaisha hapo.

Zikabaki namba mbili: 8517, ya simu na vifaa vya mawasiliano, na 8518, ya spika na maikrofoni. Kanuni inasema kitu chenye kazi nyingi kipangwe kwa kazi yake kuu. Afisa aliponiuliza, "Ukikata intaneti, inafanya nini?" nilijibu haraka, "Haifanyi kitu!" Nikadhani nimeshinda. Akauliza tena, "Na ukiondoa spika?" Nikanyamaza.

Kazi kuu ikishindikana kujulikana, basi inachukuliwa namba iliyo ya mwisho kwa mpangilio kati ya zile zinazostahili. 8517 na 8518, ya mwisho ni ipi? Jamani, hata ningeandika programu nisingepata njia fupi zaidi ya kuamua ngoma droo.

Ningeweza kuendelea kubishana, lakini ghala linahesabu siku na kila siku ina bei yake. Nikalipa.

Sisi wa programu tunajua ukitangaza aina ya data vibaya mstari wa kwanza, makosa yanakuja kutokea mstari wa mia. Mimi nilitangaza kwa neno moja, bila kufikiri. Kwa hivyo ukitaka kuagiza kifaa cha namna hii, kwanza tafuta namba yake, eleza kinafanya kazi gani hasa, na kama mzigo ni mkubwa omba forodha wakupe uamuzi wa mapema kwa maandishi kabla hujatuma hela.

Kidude chenyewe hakijui Kiswahili, ila mzee anakisemesha kwa Kiingereza chake cha darasani na kinamwelewa. Jana amekiuliza saa mara kumi na moja. Baadaye akaniuliza, "Hii hasa ni nini?" Nikamwambia, spika, baba. Akasema, "Spika haijibu, mwanangu."

Ningekuwa naye pale forodhani! Haya, zimebaki tatu, mwenye mzee anitafute.