Nilivyoijua Barabara ya Soni

Naandika ushuhuda huu kwa kuwa naamini yupo mtu, pengine yuko nyuma ya usukani leo, anayeishi kama nilivyoishi mimi. Simhukumu. Mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye, na wema niliotendewa sikuustahili.

Kwa miaka mingi nilikuwa dereva wa Kosta kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga. Asiyeijua barabara hiyo nimweleze kidogo. Mombo iko bondeni kwenye joto, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Lushoto iko juu kwenye milima ya Usambara, karibu mita 1,000 juu ya Mombo, na kutoka hapa hadi pale ni kilomita 33 za lami nyembamba, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Mwinuko mkali na kona za kupindapinda viko huku chini, kabla hujafika Soni. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo wakubwa wa Kijerumani walipanda mlima kwenda makao yao ya wilaya, mji waliouita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Waingereza waliuteka mwaka 1916, na jina la Lushoto ndilo lililobaki. Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati ule kwangu barabara ilikuwa ni kona, abiria na saa.

Dereva wa gari la abiria anaishi kwa hesabu. Jioni tajiri anasubiri fedha yake, na kila kinachokuchelewesha unakiona kama kinakunyang'anya riziki: ng'ombe, mwanafunzi, Fuso iliyojaa kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam. Hao niliwavumilia. Niliyemdharau kabisa ni mwendesha baiskeli. Moyoni niliamini huyo ni mtu aliyeshindwa maisha, na kwamba barabara si yake. Nilimpigia honi akiwa karibu kabisa, nikampita huku nikimbana mpaka ashuke kwenye lami. Konda alicheka, baadhi ya abiria walicheka, nami nikajiona dereva hodari.

Mchana mmoja wa masika, kwenye kona za chini ya Soni, nilimkuta kijana akipanda kwa baiskeli ya resi. Alivaa fulana nyekundu, na alikuwa pembeni kabisa ya lami, mahali pake. Mbele yangu kulikuwa na Kosta nyingine, tunashindana nani awahi abiria wa Soni. Sikungoja kona iishe. Nilimbana. Kwenye kioo cha pembeni nikaiona ile fulana nyekundu ikiingia mtaroni. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema, "Baba, umemwangusha mtoto wa watu." Sikumjibu, na sikusimama. Jioni stendi nilisimulia habari ile, tukacheka.

Sikupata ajali baada ya hapo, wala hakuna aliyenishtaki. Kilichochoka ni mwili. Nilianza kuumwa kichwa asubuhi, macho yakawa yanaona giza nikishuka garini. Hospitali walinipima presha, na daktari akaniambia bila kuficha kwamba nikiendelea vile nitaanguka nikiwa kwenye usukani na watu nyuma yangu. Akanianzishia dawa, akanikataza kuendesha gari la abiria mpaka presha itulie, akaniagiza nipunguze chumvi na nitoe jasho kila siku. Tajiri akampa gari dereva mwingine. Nikarudi kukaa nyumbani Lushoto.

Nataka niseme ukweli wa siku zile. Sikuomba, sikushukuru kwamba nimeonywa mapema. Nilikasirika. Mke wangu alikuwa akiuza mboga sokoni na ndiye aliyetulisha, na badala ya kumshukuru nilimnunia, kwa sababu kila shilingi yake ilinikumbusha kwamba mimi sileti kitu. Jioni nilikaa kibarazani nikisikiliza magari yanavyobadilisha gia mlimani, nikijua kwa mlio nani anaendesha.

Siku moja mke wangu aliniomba nipeleke baiskeli ya mtoto kwa fundi karibu na soko. Fundi mwenyewe alikuwa kijana mpole, mikono imejaa grisi. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," akaanza kuziba pancha. Ukutani nyuma yake palining'inia rimu ya mbele iliyokunjika kabisa, spoki zimechomoka. Nikamuuliza kwa nini haitupi. Akajibu bila kuinua macho: "Hiyo nilivunjiwa chini ya Soni, mzee. Kosta ilinibana kwenye kona. Nimeiweka wateja wangu waone kwa nini nawaambia wavae kofia ngumu."

Nilihisi koo limekauka. Nilimlipa, nikachukua baiskeli, nikaondoka. Sikusema neno.

Lakini alikuwa ameniuliza habari za afya, na nilikuwa nimemweleza maagizo ya daktari. Siku chache baadaye alinikuta njiani akaniambia anayo baiskeli ya resi ya mtumba, kubwa kidogo kwake, niitumie bure mpaka nipate nguvu. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nikapokea kitu kizuri kutoka mkono niliouumiza, nikanyamaza. Ukimya ule ulinielemea kuliko presha.

Akaanza kunifundisha. Mimi niliyejiona naijua milima nilikuwa sijui kupanda. Nilikanyaga kwa nguvu zote mwanzoni mwa mwinuko, na kabla ya kona ya pili nikawa nimeshuka nasukuma, moyo ukinidunda mpaka masikioni. Akaniambia, "Mzee, mlima haupandwi kwa hasira. Badilisha gia kabla miguu haijachoka, usingoje ichoke." Akanionyesha: meno machache mbele, meno mengi nyuma, mguu uzunguke haraka lakini kila mzunguko ule nguvu kidogo. Akanifundisha kupima mwendo kwa pumzi, kwamba nikishindwa kusema sentensi moja nzima nimezidisha. Kushuka nako kulikuwa somo jipya. Unafinya breki kabla ya kona na kuziachia ukiwa ndani yake, na macho unayatuma kule unakotaka kutokea, maana baiskeli hufuata macho. Ukizifinya mfululizo mteremko mzima, raba husugua rimu mpaka inachemka, na tyubu inaweza kupasuka.

Tulianzia upande wa juu, kutoka mjini kwenda msitu wa Magamba. Nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda. Wanafunzi walinipita kwa miguu wakaniamkia, na wengine walinisaidia kusukuma bila kuombwa. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Ukiingia Magamba joto linakuacha ghafla, na hewa inanukia majani mabichi. Mikulo imesimama mirefu, vigogo vimefunikwa kuvumwani, na ukinyamaza unawasikia mbega wakiruka juu kabla hujayaona manyoya yao meupe. Fundi aliniambia kwamba mbele zaidi, upande wa Shume, Wajerumani walikata mwangati, na mbao zikashushwa kwa kamba za chuma kutoka mlimani hadi reli ya Mkumbara kule chini. Nilizaliwa katika milima hii. Nilikuwa nimepita chini ya miti hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuisikia.

Nguvu zilikuja polepole, na zilipokuja kiburi nacho kikarudi. Siku nilipofika Magamba bila kushuka niliporomoka kurudi mjini kwa kasi, nikampigia kelele mama mwenye mzigo wa kuni kichwani ili anipishe. Fundi alinifuata mpaka chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee, yule naye anapanda mlima." Nilirudi nyumbani nimeaibika. Nilikuwa nimebadilisha chombo, moyo ukiwa ule ule.

Ndipo ikafika siku ya kushuka mpaka Mombo na kupanda tena. Tulianza kupanda asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwenye kona za chini ya Soni nikasikia Kosta nyuma yetu. Niliijua kwa mlio, na nilijua dereva wake anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nimewaza hivyo mahali hapo hapo. Haikungoja kona iishe. Ubavu wake ulipita karibu na kiwiko changu, upepo wake ukanisukuma, gurudumu likatoka kwenye lami likaingia kokoto. Nikaangukia ukingoni mwa mtaro. Sikuumia ila magoti. Nilikaa pale chini nikauangalia ule mtaro: mawe makali yaliyojengewa kwa saruji, maji membamba ya mvua ya usiku, jani la kabichi lililodondoka kwenye Fuso. Nikaelewa kwamba kichwa cha mtoto wa watu kilipita karibu na mawe yale kwa sababu yangu.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilisema, "Ile Kosta iliyokuvunjia rimu, dereva alikuwa mimi. Nilikuona kwenye kioo. Sikusimama. Naomba unisamehe."

Aliinama akarudisha cheni yangu iliyotoka kwenye meno. Kisha akasema, "Nilijua, mzee. Nilikujua siku ile ulipoleta baiskeli ya mtoto. Nilishasamehe. Inuka twende, jua linapanda."

Tulifika Soni tukakaa kwa mama ntilie, tukanywa chai mahali panaposikika maporomoko. Vuga haiko mbali na hapo, na fundi, ambaye alilelewa na babu yake, alinisimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa kwao Ngulu kwa kuitwa kigego, yaani mtu wa mkosi, akapokewa na Wasambaa mpaka wakamfanya mtawala, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vuga. Krapf, mmisionari, alifika huko mwaka 1848 akamkuta Kimweri, mfalme wa ukoo huo. Habari hizo zimeandikwa pia kwa Kiswahili, katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi kiitwacho Habari za Wakilindi. Nilizisikia utotoni nikazisahau. Siku ile zilinigusa kwa namna nyingine. Mbegha alikuja na nyama akawagawia watu, wakampenda. Mimi nilipokewa sina nyama, nina deni.

Tangu hapo nimeendelea. Presha imetulia, ingawa bado nakunywa dawa na sitaziacha bila daktari. Mke wangu nilimwomba radhi, na asubuhi nyingi sasa namsaidia kupeleka mboga sokoni. Daktari ameniruhusu kuendesha tena, na nimerudi kwenye Kosta, kwa tajiri mwingine. Niseme wazi kwamba hasira haijafa. Kuna siku hesabu haijafika, Fuso iko mbele, mwenzangu ananipita, na mguu unataka kukanyaga mafuta. Siku hizo naomba kimyakimya nikumbuke yale mawe ya mtaroni. Siku za mapumziko napanda na fundi. Baiskeli nimeilipia, ingawa alikataa mara nyingi.

Stendi nimewaeleza madereva wenzangu kisa chote, bila kuacha kile kipande nilichowahi kuwachekesha nacho. Wengine waliondoka. Wengine waliuliza maswali. Nawaambia hivi, na wewe nakuambia: ukimkuta mtu wa baiskeli mlimani, rudi gia, kaa nyuma yake, ngoja kona iishe, kisha mpite ukiwa umemwachia nafasi ya kuyumba, kwa sababu anayepanda lazima ayumbe. Dakika hiyo haitakukosesha hesabu. Nimeijaribu, najua.

Na kama wewe umesimamishwa na mwili kama nilivyosimamishwa, usione aibu kuanza kwa kusukuma. Tafuta gia nyepesi, pima pumzi yako, mkubali atakayekufundisha hata akiwa mdogo kwako. Milima hii ni mikubwa na mizuri, na Mungu hakuiweka kwa ajili ya wenye magari peke yao.

Lakini kama kuna mtu uliyemwacha mtaroni, kwa gari au kwa neno, usikawie kama nilivyokawia mimi. Mimi nilikula wema wake kwa muda mrefu huku nimefunga mdomo, na yeye alikuwa ameshanisamehe. Nenda ukamwambie leo.